Somo la Biblia: Baba aliyeomba akiwa na shaka

Soma Marko 9:14-29. Kama mko katika kikundi, mtu mmoja asome kwa sauti na polepole. Kisha mwingine aisimulie habari hiyo kwa maneno yake mwenyewe, bila kutazama kitabu. Somo hili ni refu kidogo, hivyo kikundi kinaweza kuligawa katika vipindi viwili.

Tunaposikia neno "kutokuamini", mara nyingi tunawafikiria watu walio nje ya kanisa. Tunamfikiria jirani asiyekuja ibadani, au kijana aliyerudi kutoka mjini na maswali mengi. Habari hii ya Marko inatuonyesha kutokuamini mahali pengine kabisa. Tunakuona kwa wanafunzi wa Yesu, ambao yeye mwenyewe aliwaita na kuwatuma, na kwa baba mmoja aliyemleta mtoto wake ili aombewe. Hawa wote walikuwa karibu na Yesu. Na katika habari hii ni yule baba anayetufundisha namna ya kuomba, wala siyo wanafunzi.

Mabishano juu ya mtoto mgonjwa

Yesu alikuwa ametoka mlimani pamoja na Petro, Yakobo na Yohana. Huko juu walikuwa wameuona utukufu wake. Huku chini wanafunzi tisa waliobaki walikuwa wameletewa mtoto mwenye ugonjwa wa kuanguka. Walijaribu kumponya wakashindwa. Yesu alipofika aliukuta umati mkubwa, na waandishi wakibishana na wanafunzi wake.

Jaribu kuiona hali hiyo. Mtoto yupo, na baba yake yupo, labda amemshika mkono asije akaanguka tena. Lakini watu wazima wanabishana. Marko hatuelezi walikuwa wakisema nini, ila kukisia si kazi ngumu. Yeyote aliyewahi kukaa katika kamati ya kanisa au ya mradi anajua jinsi jambo linavyoweza kushindikana, kisha kikao kizima kikaishia katika kutafuta nani wa kulaumiwa, na mwenye shida akarudi nyumbani na shida yake. Yesu alipouliza wanabishana juu ya nini, aliyejibu ni yule baba. Wengine wote walinyamaza.

Wanafunzi hawakuwa wageni katika kazi hii. Ukirudi nyuma hadi Marko 6:7-13 utaona kwamba walikuwa wametumwa wawili wawili, wakatoa pepo wengi na kuponya wagonjwa wengi kwa kuwapaka mafuta. Walikuwa na uzoefu. Ndiyo maana kushindwa kwao kuliwashangaza, wakamwuliza Yesu faraghani sababu yake. Katika Mathayo 17:20 jibu ni kwamba imani yao ilikuwa haba. Katika Marko 9:29 jibu ni kwamba jambo la namna ile lilihitaji maombi. (Tafsiri nyingine huongeza kufunga, kwa kuwa nakala za kale hazifanani katika mstari huo.) Kwa maoni yangu majibu hayo mawili ni jibu moja. Mtu aliyezoea kufanikiwa huweza kuacha kuomba bila yeye mwenyewe kutambua. Anaendelea kulitaja jina la Bwana, lakini tegemeo lake ni namna alivyofanya mara iliyopita. Huko nako ni kutokuamini, na ni vigumu kukutambua kwa sababu kuna sauti kubwa na hakuonyeshi shaka yoyote.

Jadilini: Je, kuna huduma katika kanisa lenu au kazi katika mradi wenu ambayo mmeizoea kiasi kwamba hamuiombei tena? Ilikuwaje mlipoianza?

Swali la Yesu

Yesu aliagiza mtoto aletwe kwake. Alipoletwa, alianguka chini, akagaagaa na kutoa povu. Wengi wetu tungeanza kukemea hapo hapo, tena kwa kelele. Yesu kwanza alimgeukia baba na kumwuliza mtoto ameanza kupatwa na hali hii tangu lini.

Mganga au mwuguzi mzuri huanza na swali hilo hilo. Yesu hakukosa habari. Nadhani aliuliza kwa sababu baba alihitaji kusema. Na baba akasema: ni tangu utotoni, na mara nyingi mtoto huangukia motoni na majini. Watu walioishi na mgonjwa wa kifafa wanaujua ukweli wa maneno hayo. Katika Mathayo 17:15 watafsiri wa Kiswahili wametumia neno hilo hilo, kifafa. Hadi leo moto wa kupikia na maji ya kisimani au mtoni ndivyo vinavyowaumiza wagonjwa hawa. Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa waliofichwa na kutengwa, na wengi walikuwa na makovu ya moto. Watu waliogopa kumshika mgonjwa aliyeanguka, wakidhani mate yake yanaambukiza. Moto ule ule, baada ya karibu miaka elfu mbili.

Kisha baba akamwomba Yesu awasaidie, kama anaweza kufanya lolote. Angalieni sehemu hiyo ya ombi lake: kama anaweza. Alikuwa amekuja na imani asubuhi ile, maana asingemtoa mtoto nyumbani. Lakini wanafunzi walishindwa mbele ya macho yake, na waandishi wakabishana juu ya kichwa cha mwanawe. Kutokuamini kwake kulitoka wapi? Kwa sehemu kulitokana na miaka mingi ya ugonjwa, na kwa sehemu kulitoka kwetu sisi, wafuasi wa Yesu. Jambo hili linafaa kutunyenyekesha kabla hatujamwonyesha mtu kidole kwamba hana imani.

Yesu alilishika neno hilo la "kama", akamwambia kwamba kwa mtu aaminiye mambo yote yanawezekana. Baba angeweza kujibu vipi? Angeweza kusema kwamba anaamini kabisa, ili asije akakosa uponyaji. Angeweza pia kuondoka na mtoto wake, akijiona hastahili. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alilia kwa sauti akakiri kwamba anaamini, na pumzi hiyo hiyo akaomba asaidiwe pale asipoamini.

Hili ni ombi la ajabu. Mtu amekuja kumwombea mtoto, na sasa anajiombea mwenyewe. Kutokuamini kwenyewe, badala ya kukuficha kama mtu anavyofunika kidonda, anakuleta kwa Yesu pamoja na mtoto, kama ugonjwa wa pili katika nyumba ile. Wala Yesu hakumwambia arudi akiwa amekamilika. Alimponya mtoto. Kijana alilala kama mfu, hata watu wakasema amekufa, lakini Yesu akamshika mkono akamwinua.

Yaliyotokea nyumbani kwetu

Naandika habari hii nikiwa na sababu. Mdogo wangu alianza kuanguka kifafa akiwa na miaka minne, katika miaka ya 1980. Zahanati ilimwandikia vidonge vya fenobabitoni, na kwa muda wa miaka mitatu alianguka mara chache sana. Kisha ukaja mkutano wa injili wa wiki nzima kijijini kwetu. Mhubiri, ambaye alikuwa mgeni, aliwaita wagonjwa mbele, akamwombea mdogo wangu, akatangaza kwamba amepona. Halafu akawaambia wazazi wote waliokuja na wagonjwa kwamba mwenye kuendelea kutunza vidonge ndani ya nyumba anatangaza kutokuamini kwake. Mama alirudi nyumbani akavitupa vyote chooni. Alifanya hivyo kwa furaha. Nakumbuka aliimba usiku ule.

Siku ya kumi na moja, jioni, mdogo wangu aliangukia mafiga. Mama alikuwa amekwenda kuchota maji, nami nilikuwa nje. Tulipomtoa, mkono wa kushoto ulikuwa umeungua hadi kwenye kiwiko, na vidole vitatu vilishikamana na havijaachana hadi leo. Baadaye mtu mmoja wa mkutano ule alimwambia Mama kwamba uponyaji ulikuwepo, ila yeye aliupoteza kwa mashaka yake.

Mama hakwenda kanisani kwa muda wa miezi mingi. Alimrudisha mdogo wangu zahanati, akaanza tena vidonge, lakini hakusali. Baba alipoombea chakula, Mama alikuwa akitazama sahani. Walikuja watu kumwonya. Walikuja wengine kumwombea kwa nguvu, wakimkemea pepo wa kutokuamini, naye akawavumilia hadi walipoondoka.

Aliyekuja na akaendelea kuja ni bibi mmoja wa kikundi cha akina mama, mjane, asiyejua kusoma. Kila Alhamisi alifika, akakaa jikoni, akamsaidia Mama kupukuchua mahindi au kuchambua mboga, na kabla ya kuondoka aliomba maneno machache sana. Siku moja Mama alimwambia, "Bibi, usijisumbue. Mimi hata Amina siwezi kuisema tena." Bibi akamjibu, "Basi nitaisema mimi, mwanangu. Wewe kaa tu."

Ikaendelea hivyo. Bibi aliomba na akajiitikia mwenyewe Amina. Mama hakunieleza ni siku gani hasa jambo lilibadilika, nami nadhani hapakuwa na siku moja. Alinieleza tu kwamba ombi lake la kwanza baada ya miezi hiyo yote lilikuwa kumwambia Mungu kwamba hamwamini, ila hana mwingine wa kumwendea. Miaka mingi baadaye, nilipomsomea Marko 9, aliniomba nirudie mstari wa 24. Akauliza kama kweli hayo yameandikwa.

Kutokuamini si kwa aina moja

Ni vizuri tutofautishe mambo, maana dawa ya ugonjwa mmoja yaweza kuwa sumu kwa mwingine. Katika Marko 6:1-6 Yesu alifika Nazareti, mji wa kwao. Watu walimsikia wakashangaa, kisha wakaanza kuhesabu ndugu zake na kutaja kazi yake ya useremala. Walichukizwa naye. Marko anasema Yesu alistaajabia kutokuamini kwao, wala hakufanya huko miujiza, isipokuwa aliwaponya wagonjwa wachache. Watu wa Nazareti hawakuwa na swali wala ombi. Walikuwa wameshamaliza kujua. Huko ndiko kutokuamini kulikofunga mlango.

Baba wa Marko 9 ni tofauti. Tomaso naye ni tofauti: alikosa kuwapo siku ya kwanza, akakataa kupokea habari kwa masikio tu, lakini juma lililofuata alikuwepo pamoja na wenzake, na Yesu alikuja na kumwonyesha majeraha aliyotaka kuyaona (Yohana 20:24-29). Yohana Mbatizaji, akiwa gerezani, alituma watu kumwuliza Yesu kama yeye ndiye hasa, au wamtazamie mwingine (Mathayo 11:2-11). Alipeleka shaka yake kwa mwenyewe, hakuibakiza gerezani iendelee kukua. Na Yesu, baada ya kumjibu, alimsifu mbele ya watu. Kuhani Zakaria aliomba mtoto kwa miaka mingi, na alipoambiwa ombi limesikiwa hakusadiki. Alikuwa bubu kwa muda, lakini mtoto alizaliwa vilevile (Luka 1:5-25, 57-64).

Katika habari zote hizo wenye shaka walibaki mahali ambapo Mungu angeweza kuwajibu.

Jadilini: Mtu anaposema katika kanisa lenu kwamba ana shaka, hutendewaje? Je, anaweza kusema hivyo na bado akapewa nafasi ya kukaa?

Waliosali bila kutazamia jibu

Someni Matendo 12:1-17. Hapa tunapata kicheko kidogo, nacho ni kitu chema katika somo kama hili. Herode alikuwa amemwua Yakobo, na sasa Petro amefungwa, akilindwa na makundi manne ya askari wanne wanne. Kanisa liliomba kwa bidii. Usiku Petro akatolewa na malaika, akaenda hadi nyumbani kwa Mariamu, mama yake Yohana Marko, ambako watu wengi walikuwa wamekusanyika wakiomba. Akabisha hodi. Msichana Roda akaitambua sauti, na kwa furaha akasahau kufungua. Alipowaambia walio ndani, wakamwambia ana wazimu. Aliposisitiza, wakasema labda ni malaika wake. Petro akabaki barabarani anaendelea kugonga, huku wenye mkesha wakibishana na msichana kwamba jibu la maombi yao haliwezekani.

Nawapenda watu hawa. Walikuwa wamempoteza Yakobo, na bila shaka walikuwa wamemwombea yeye pia. Walijua kwamba yaweza kutokea Mungu asifanye wanavyotaka. Hata hivyo walikusanyika usiku wakaomba, wakiwa na imani ndogo kiasi kwamba jibu lilipobisha hodi hawakulitambua. Mungu hakungoja imani yao iwe kubwa ndipo amtoe Petro. Na kama mapokeo ya kanisa yako sahihi kwamba yule Yohana Marko ndiye aliyeandika Injili tunayoisoma, basi mwandishi wa Marko 9:24 alitoka katika nyumba hiyo hiyo. Huenda mlango ule ulikuwa ukisimuliwa kwao mara nyingi.

Kwa hiyo ni kosa kuifanya imani iwe kama ada ya kuingilia, ambayo mtu ni lazima ailipe yote ndipo asikiwe. Imani inakua ndani ya kuomba. Paulo anasema imani huja kwa kusikia habari ya Kristo (Warumi 10:17), na mtu hawezi kusikia akiwa ameondoka. Msaada wa kwanza kwa mwenye kutokuamini ni kubaki mahali ambapo Neno linasomwa na watu wanaomba, hata kama yeye amenyamaza. Zaburi nazo zinatusaidia sana. Zaburi ya 13 inaanza kwa kumwuliza Mungu atasahau hadi lini. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na inaishia gizani, bila sifa mwishoni, na bado imewekwa katika kitabu cha maombi. Mtu asiye na maneno yake mwenyewe anaweza kuazima hayo. Tena anaweza kuazima imani ya wenzake: katika Marko 2:1-12 mwenye kupooza alibebwa na watu wanne, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao, yaani ya waliombeba.

Maombi na vidonge

Baadhi ya wasomaji wetu wanahudumia wagonjwa, na wengine ni viongozi wa makanisa. Ninyi nyote mtakutana na swali ambalo Mama alikutana nalo: je, kutumia dawa ni kukosa imani?

Mfalme Hezekia aliugua karibu kufa. Aliomba akilia, na Mungu akamjibu kupitia nabii Isaya kwamba ataongezewa miaka 15. Jibu lilikuwa limekwisha kutoka. Hata hivyo Isaya aliagiza mkate wa tini uletwe na kuwekwa juu ya jipu (2 Wafalme 20:1-7). Nabii mwenyewe ndiye aliyeagiza dawa, baada ya ahadi. Paulo alimshauri Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake na magonjwa yake ya mara kwa mara (1 Timotheo 5:23), na alimwacha Trofimo huko Mileto akiwa mgonjwa (2 Timotheo 4:20). Yeye mwenyewe aliomba mara tatu aondolewe mwiba, akapewa neema badala ya kuondolewa (2 Wakorintho 12:7-9). Sijui ni nani angethubutu kumwambia Paulo kwamba alikosa imani.

Wengine watasema kwamba katika Marko 9 ugonjwa ulitokana na pepo, kwa hiyo kila kifafa ni pepo. Wasome Mathayo 4:24, ambapo wenye pepo na wenye kifafa wametajwa mbalimbali katika orodha moja. Biblia yenyewe haikuwachanganya.

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Hauambukizi kwa mate, kwa povu wala kwa kugusana. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, watu wapatao milioni 50 wanaishi nao duniani, na karibu 80 katika kila 100 wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linakadiria kwamba hadi 70 katika kila 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangepimwa na kupata dawa ipasavyo. Fenobabitoni imetumika tangu mwaka 1912 na bei yake ni ndogo. Kuiacha ghafla ni hatari, kwa maana degedege laweza kurudi kwa nguvu kuliko mwanzo. Mimi nilijifunza hilo kabla sijajua kulisoma mahali popote. Mwenye kutaka kupunguza dawa, hata kama anaamini ameponywa, aende kwanza kwa mganga aliyemwandikia, na mchungaji wake amsindikize. Uponyaji wa kweli hauogopi kupimwa. Wale wenye ukoma kumi wa Luka 17 walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kuwakagua.

Mtu akianguka mbele yako, sogeza vitu vinavyoweza kumuumiza, mweke mbali na moto na maji, mlaze kwa ubavu, na uweke nguo laini chini ya kichwa. Usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na usimkandamize. Kaa naye hadi azinduke. Ikipita dakika tano bila kutulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali. Waweza kuomba wakati huo huo, tena kwa sauti ya chini, ukiwa umeshika bega lake.

Mdogo wangu sasa ni mtu mzima. Anafuga kuku, na anavifunga vifaranga kwenye tenga kwa mkono mmoja haraka kuliko mimi kwa miwili. Huanguka mara moja au mbili kwa mwaka. Tunaendelea kumwombea apone kabisa, na tunaendelea kwenda kuchukua vidonge kila mwezi. Mama husali kwa sauti siku hizi, lakini mtu akiomba karibu naye Amina yake huchelewa kidogo kuliko ya wengine. Nimezoea kuingoja.

Kwa ajili ya kikundi

Kila mtu akae kimya kwa dakika chache na afikirie jambo moja ambalo ameacha kuliombea kwa sababu haamini tena kwamba Mungu atafanya kitu. Anayetaka kulitaja alitaje kwa jirani yake tu. Jirani asitoe ushauri wala asisimulie habari ya mwingine aliyepona. Aombe kwa maneno machache juu ya jambo hilo, na kama mwenzake hawezi kuitikia, aitikie yeye kwa niaba yake.

Kisha ulizaneni: katika eneo letu ni nyumba zipi zenye mgonjwa wa kifafa ambaye haonekani kanisani wala shuleni? Nani kati yetu anaweza kwenda kukaa jikoni mwao, na si kwa siku moja tu? Katika kipindi kijacho mwalikeni mhudumu wa zahanati iliyo karibu aje aeleze dawa zinapatikana siku gani na mgonjwa mpya anaandikishwaje. Mchungaji naye awepo siku hiyo, akae na kusikiliza pamoja na wengine.